Ile ya Soksi

Nimefika Rafaela saa tatu, baridi ya Julai,
nyasi za kando ya reli zimepigwa na sakitu,
na Bi Nélida Bortolussi amekwishaleta vitu vyote kutoka gereji,
amevipanga juu ya meza ya kulia,
juu ya kitambaa cheupe cha harusi yao.
"Usijali madoa," anasema. "Ovidio ndiye aliyeanza."

Mimi ni mtu wa kupima. Nina kalipa, lenzi, tochi,
na daftari la safu mbili: kitu, bei.
Miaka ishirini na sita imenifundisha hili:
uadimu peke yake haununui mkate.
Meno ya babu yangu ni adimu pia.
Bei ni watu wawili kukitaka kitu kimoja
siku moja, na wote wawili wana pesa.

Naanza na kabureta. Tatu, za Kiitalia, za koo mbili mbili,
nambari zinafuatana kama watoto wa shule mstarini.
Namulika ndani: hazijachokonolewa, hazijapanuliwa,
jeti ni zile zile, shaba bado ina rangi ya asali.
Yuko mtu Córdoba atakayeuza trekta kwa ajili ya hizi.
Naandika. Bi Nélida anasoma tarakimu kichwa chini,
anavuta kiti, anaketi.
"Hizo zilikuwa pesa za jokofu.
Kiangazi kizima nyama tuliiteremsha kisimani kwa ndoo."

Manifodi: ina ufa, umechomelewa kwa ustadi, lakini ni ufa.
Chuma hakisahau. Nakata nusu.

Pistoni sita, kila moja ndani ya gazeti la mwaka sabini na moja,
hazijaonja moto hata siku moja.
Hapa uso wangu naufunga kama duka,
maana mthamini akitabasamu bei imepanda,
nami, niseme kweli, nina mteja,
na nimeshaisikia asilimia yangu ikipiga hodi.

Mwisho, shafti ya vali.
Imo ndani ya soksi ndefu ya sufu.
Naigeuza chini ya taa: haina nambari,
haina mhuri wa kiwanda, haina hata herufi.
Napima nundu ya kwanza. Napima tena.
Mwinuko huu haumo katika kitabu chochote nilichonacho.
Ni tupa hii, na msasa, na mafuta, na mkono,
nundu sita, na zote sita zinalingana
kwa tofauti ya unywele uliopasuliwa mara kumi.

"Majira matatu ya baridi," anasema Bi Nélida.
"Nilidhani ana mwanamke."

Sokoni kisicho na jina ni chakavu.
Mnunuzi hununua mhuri, chuma ni nyongeza.
Ningeweza kumwambia: hii zuilia mlango.
Ingekuwa kweli, na kwa kweli hiyo hiyo
ningerudi Alhamisi nikainunua kwa kilo.

Dirishani naiona Torino nyeupe juu ya matofali, boneti wazi, tupu,
na rafuni kikombe chake kimoja cha ushindi
kimejaa misumari.

Kwenye safu ya kitu nimeandika: *shafti, kazi ya O. Bortolussi.*
Kwenye safu ya bei kalamu imegoma.
Thamani na bei ni ndugu wasiosalimiana,
nami ni jirani anayelipwa kubeba maneno yao.

"Imekuwa ngapi?"
Namtajia jumla. Namtajia na asilimia yangu,
jambo ambalo sijawahi kulifanya bila kubanwa.
"Bila ile ya soksi?"
"Bila ile ya soksi."

Anaipangusa kwa ncha ya kitambaa cha harusi,
doa moja zaidi,
anairudisha polepole, nundu baada ya nundu.
"Soksi ni yangu," anasema.
"Ya pili bado naivaa."